Mheshimiwa wa Husby

Juzi, kwenye lifti ya hospitali kule Flemingsberg, kusini mwa Stockholm, aliingia mama mmoja wa makamo amebeba chakula cha mgonjwa wake kwenye vyombo vya bati vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Kabla milango haijajifunga, harufu ilinifikia: mbegu za haradali zilizokaangwa mpaka zikapasuka, majani mabichi yaliyotupwa kwenye mafuta ya moto, na kile kitu kinachonuka vibaya kikiwa kikavu na vizuri kikishaiva. Nilikuja kujua ukubwani kwamba watu wa pwani wanakiita mvuje. Sisi wa Uvira hatukuwa na jina lake, mama yangu alikiita tu "ile kitu ya muzee". Basi nikapitiliza ghorofa yangu. Nilishuka na yule mama, nikajitia natafuta choo, nikabaki nimesimama kwenye korido nikiwa mtoto tena, na shaka zangu zote.

Wenzangu mliokulia mitaa hii mnajua tulivyokuwa tunapanga. Nyumba ya mkataba wako mwenyewe ilikuwa na foleni ya miaka, na sisi hata kwenye foleni tulikuwa wageni. Kwa hiyo unapanga kwa mpangaji. Mimi na mama tulipata chumba kimoja Husby, ndani ya nyumba ya mzee wa Kitamili kutoka kaskazini mwa Sri Lanka. Jina letu halikuwepo mlangoni. Makaratasi yetu ya kukaa nchini yalikuwa bado, tulikuwa tunangojea jibu, na mama alikuwa na neno moja alilolirudia kuliko sala: tusionekane na polisi, tusisikike, tusitajwe kwenye jambo lolote la mtu mwingine. Jina letu likiingia kwenye kesi hata kwa bahati mbaya, tunarudishwa. Sijui kama ni kweli mambo yangekwenda hivyo. Mama aliamini, na mimi niliamini anachoamini mama.

Sasa huyo mzee. Kila asubuhi alipiga pasi shati jeupe, akalivaa, akajifunga nguo nyeupe iliyofika miguuni, akapaka nywele mafuta ya nazi na kuzichana nyuma, kisha akaketi mezani jikoni. Hakuwa na pa kwenda. Mama alisema mtu anayevaa vile na kukaa vile anangojea gari, na magari yanayokuja kuchukua watu wa namna ile alikuwa ameshayaona kwao, hana hamu ya kuyaona tena. Mapazia hayakufunguliwa. Mlango ulikuwa na mnyororo, na mnyororo ulifungwa hata akitoka kupeleka takataka, yaani alinigongea mimi nimfungulie. Simu ikilia, alikwenda nayo bafuni akafungulia bomba la maji kwanza. Ukiniuliza mimi, mtu mwema haogi na simu.

Kwenye korido kulikuwa na picha zake. Alikuwa kijana mwembamba, shingoni ana mashada ya maua mpaka kidevu hakionekani, mkono mmoja umeshika mikrofoni, na mbele yake watu mpaka juu ya mapaa. Siku tuliyohamia mama alizitazama zote, taratibu, akiwa bado na begi begani. Halafu akaniambia kwa Kiswahili, ile sauti yake kavu, "Karibu kwa Mheshimiwa." Jina likamkaa. Mwenyewe hakulijua hata siku moja.

Mnisamehee mama yangu, ana sababu zake. Baba yangu aliuawa Uvira nikiwa bado nabebwa mgongoni. Alikuwa mkubwa wa avenue, yaani kiongozi wa mtaa mmoja, cheo kidogo kabisa, cha mtu mwenye muhuri na kiti cha plastiki nje ya mlango. Watu wenye silaha waliposhika mji, wakubwa wenzake walikimbia, yeye akabaki. Walipoondoka wale, wakaja wengine, na hao wengine ndio waliomuua. Nikiuliza kwa nini, mama alinijibu sentensi moja tu, "Baba yako alikuwa mutu muzuri", na ukishaipata hiyo ujue mazungumzo yamekwisha. Lakini nilikuwa nimeelewa kwamba siasa ndiyo iliyomla, na kwamba mbele ya mama hakuna mnyama mbaya kuliko mwanasiasa.

Na bado alikuwa ananiacha naye, maana angefanyaje? Alikuwa anahudumia wazee kwenye nyumba yao ya kutunzwa, zamu za jioni, na mimi nilikuwa natoka shule saa nane. Usiku ule wa kwanza kabla ya kuanza kazi aliniketisha kitandani.

"Ule muzee haiko mutu wa bure," aliniambia. "Weka masikio. Kila kitu utasikia, unaniambia mimi. Haukati, hauongezi."

Basi nikawa mpelelezi, na niseme ukweli, nilikuwa mpelelezi hodari. Mzee alinipikia wali na dengu zenye ukwaju, nikala chote, nikaripoti kwamba amenipa chakula kichachu. Aliniweka kwenye stuli ya jikoni niseme nilichojifunza shuleni, kwa Kiswidi, lugha pekee tuliyokuwa nayo mimi na yeye, na ya kwake ilikuwa ya darasa la watu wazima, maneno machache yaliyonyooka. Alinikataza kuangalia sakafu. Alinikataza kumwangalia mtu mmoja. Angalia wa nyuma kabisa, alisema, huyo ndiye hajakuamini bado. Nikimaliza alipiga makofi kwa heshima zote, hata kama nilikuwa nimeeleza habari ya vipepeo. Nilipenda vibaya. Nikaripoti, na mama akafunga macho akasema, "Anakufundisha siasa."

Siku nyingine nilimkuta anafuta vumbi picha moja ambayo haikuwa ya mashada. Ilikuwa ya wanaume wamekaa jukwaani kwa mstari, wote mashati meupe. Nikamuuliza ni akina nani. Akaweka kidole kwenye kioo, mtu baada ya mtu, kutoka kushoto. Amekufa, akasema. Amekufa. Amekufa. Kidole kilikwenda mstari mzima, na kila kichwa kikapata neno hilo hilo, mpaka kilipofika kwa kijana wa mwisho aliyekuwa amekunja miguu.

"Mimi," akasema, akaendelea kufuta.

Kwa akili zangu, mtu akikuonyesha kundi zima limekufa na amebaki yeye peke yake, maana yake ni moja tu. Mama alipoingia usiku hakuvua hata koti, nikamweleza yote na kidole kilivyokwenda.

"Na yeye," akauliza, "alibakia namna gani?"

Hilo ndilo swali alilolala nalo. Mimi mwenzake nilishalijibu.

Wageni walikuwa wanakuja, sio wengi. Walivua viatu, wakaketi ukingoni mwa kochi. Mmoja, kijana wa kazi za mabasi, alimwita "Mama". Nilidhani masikio yamenidanganya, nikasogea. Mama, akasema tena, mama huku, mama kule, kwa mzee mwenye masharubu. Nilimpelekea mama habari hiyo mbio, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu kicheko kikakatika. Mwanaume mzima haitwi mama bure, alisema, hilo ni jina la kazi, hawa watu wana majina ya kazi. Aliwahi kusikia makamanda wakiitwa majina ya ajabu kuliko hilo.

Halafu vita vya kwao vikafika mwisho wake. Nilijua kwa sababu televisheni haikuzimwa tena. Watamili wa Stockholm walikuwa wanakusanyika katikati ya jiji na mabango na picha za watoto waliokufa, na mimi niliwaona kwenye habari nikamtafuta Mheshimiwa kati yao. Hakuwepo. Alikuwa jikoni kwenye kiti chake na shati lake. Nikajiuliza: watu wake wanalia huko nje, na yeye, mtu wa mikrofoni, amejifungia na mnyororo?

Jumamosi moja mchana, mama ameshaenda zamu, walikuja wanaume watatu ambao sikuwahi kuwaona. Hawa hawakuvua viatu. Hiyo peke yake ilinitosha, maana Sweden hata mwizi anavua viatu. Mheshimiwa aliniambia niende chumbani, na nikaenda, nikabandika sikio ukutani kama nilivyoagizwa. Mwanzoni walimbembeleza. Alijibu kwa sauti ndogo, neno moja moja. Sauti zao zikapanda, kiti kikaburutwa, na mmoja akaanza kupiga kelele neno ambalo nililisikia vizuri, kwa sababu alilirudia na kwa sababu nililijua.

Drogi, alisema. Drogi. Drogi.

Muda si mrefu kabla ya hapo, polisi wa kike mwenye nywele fupi alikuwa amekuja shuleni kwetu kutuambia kuhusu droger, yaani madawa ya kulevya. Alituonyesha picha. Alituambia wanaouza hawafanani na majambazi, wanaweza kuwa majirani wazuri, wanaweza kuwa wazee. Wana simu za siri. Wanafunga mapazia. Nilikaa chini pale pale chini ya ukuta na kila kitu kikapata mahali pake: bomba la bafuni, mnyororo, wafu kwenye picha, wageni wanaomwita mama. Nilikuwa na hofu, ndiyo, lakini nikisema sikuwa na furaha kidogo nitakuwa namdanganya mtu. Mpelelezi alikuwa amefika mwisho wa kazi yake.

Sikukata, sikuongeza. Nilimwambia mama nilichosikia, na mama hakuuliza mara mbili. Aliona polisi wanavunja mlango, aliona jina letu kwenye karatasi za kesi, aliona ndege. Asubuhi ya kesho yake nguo zetu zilikuwa kwenye mabegi. Familia moja ya Warundi kutoka kanisani kwetu, watu wa roho safi, walisema tuje Hjulsta tulale sebuleni mpaka Mungu afungue. Mheshimiwa alikuwa mezani jikoni tulipopita. Aliuliza kwa nini. Mama akaweka ufunguo mbele yake akasema ni kwa sababu ya kazi, amepata zamu mpya, ni mbali. Mzee akautazama ufunguo. Alijua ni uongo, hilo naliapia, alikuwa amesikiliza waongo maisha yake yote. Akasimama, akaweka mikono pamoja kifuani, akainamisha kichwa kwa mama yangu, na mama akampa mgongo.

Husby na Hjulsta si mbali, lakini treni haziungani huko juu. Unarudi mpaka Västra skogen, unabadilisha, unapanda tena upande mwingine. Njia nzima mama alikaa na mabegi magotini akinisifu. Aliniambia nina akili za watu wawili. Sijawahi kusifiwa vile tangu siku hiyo, na sioni aibu kusema nililala Hjulsta, kwenye godoro sebuleni kwa watu, nikiwa na fahari.

Kazini kwa mama kulikuwa na dada mmoja Mtamili, Vasanthi, mwenye mdomo mwepesi na mkono mwepesi zaidi wa kugeuza wagonjwa. Wiki kadhaa baadaye, wakinywa kahawa, mama alimsimulia jinsi tulivyoponea chupuchupu kwa muuza madawa wa kabila lake. Alimsimulia kwa kucheka. Vasanthi hakucheka. Alimwomba mama arudie lile neno, kama mtoto alivyolisema. Mama akalirudia.

Hayo si madawa, Vasanthi akamwambia. Kwetu hilo ni neno la mtu aliyewauza watu wake. Msaliti. Na "mama" ni mjomba, ndugu wa mama yako mzazi, yule kijana wa mabasi alikuwa anamwita mjomba kwa adabu.

Alimjua mzee, kila Mtamili alimjua. Alikuwa mwalimu wa jiografia aliyezunguka vijiji kwa baiskeli, akaingia kwenye chama kidogo cha jimbo lao, kile kilichosema Watamili watapata haki yao kwa kura na kwa kukaa mezani. Akachaguliwa bungeni, tena na tena. Kisha vijana wakachoka kungojea meza, wakashika bunduki, wengine wao alikuwa amewafundisha ramani mwenyewe. Walianza na askari, wakamalizia na wabunge wa chama chake, mmoja langoni kwake, mwingine akitoka hekaluni. Wale wa kwenye picha. Yeye akakubali kulindwa na wanajeshi wa serikali, jeshi lile lile lililokuwa linachoma vijiji, akaenda kupiga hotuba zake katikati ya bunduki zao. Ndipo lile neno likampata. Na wale watatu wa Jumamosi walitaka asimame nao jijini, chini ya bendera ya waliowaua wenzake, akakataa.

"Baba yangu alimpigia kura mpaka mwisho," Vasanthi alimwambia mama. "Kaka yangu angemtemea mate. Na wote wawili walikuwa na akili zao timamu."

Mnataka nimsafishe hapo, najua. Sitaki. Nimekua, nimesikia habari zake kwa watu wengine, na kuna wanaosema kwamba wanajeshi waliomlinda walikuwa wanamwuliza maswali kuhusu vijana wa vijijini, na kwamba alijibu baadhi. Kuna wanaosema huo ni uzushi wa waliomkosa kwa risasi. Sikuwepo. Mtu aliyebaki peke yake kwenye picha bado ananitia shaka, nisamehewe, nimelelewa hivyo.

Mama alirudi usiku ule hakula. Wenyeji wetu walimsemesha, akawajibu kwa kichwa. Nilingoja anigombeze kwa lile neno, nikajiandaa na utetezi wangu, maana nilisema nilichosikia na Kiswidi nimepewa na shule, sikukiomba. Hakunigombeza. Jumapili tulipotoka kanisani alinishika mkono, hatukurudi Hjulsta, tukabadilisha Västra skogen, tukapanda kwenda Husby.

Mlango ulifunguka kadiri mnyororo ulivyoruhusu. Ndani kulikuwa na giza na ile harufu. Jicho la mzee likatutazama, likatazama nyuma yetu. Aliuliza tumekuja na nani. Mama akasema hakuna mtu. Akauliza nani ametutuma. Hakuna mtu, mama akasema. Akatuambia turudi mpaka kwenye lifti, tusimame chini ya taa tumwonyeshe mikono. Tukarudi. Niliona ni matusi makubwa. Miezi yote ile sisi ndio tuliokuwa na shaka, haikunipitia kichwani kwamba mwenye nyumba anaweza kuwa na yake juu yetu.

Mama alianza kwa Kiswidi akakwama. Kiswidi chake kilikuwa cha kugeuza wazee, cha kula umekula na dawa umemeza. Akaniambia kwa Kiswahili nimweleze kwamba tuliondoka kwa sababu ya neno, na kwamba tulidhani ni madawa. Nikamweleza. Kutoka nyuma ya mnyororo ikatoka sauti ambayo ilinichukua muda kutambua kwamba ni kicheko. Mwambie sasa tunalijua, mama akasema. Nikamwambia. Kicheko kikaisha.

Hapo mama akanisogeza pembeni. Alisema mwenyewe, kwa Kiswidi, neno kwa neno, akiuangalia ule mnyororo na sio mimi.

"Mume wangu. Neno hilo. Waliliandika kwenye mlango wetu kwa makaa, halafu wakarudi."

Sikuwa nimewahi kusikia habari ya mlango wala makaa. Miaka yote nilikuwa nimepewa ile sentensi moja.

Mnyororo ukatolewa. Mheshimiwa alisimama mbele yetu na shati lake jeupe, mzee kuliko nilivyomwacha. Wengine wote waliosikia habari ya baba yangu, wachungaji, jamaa, watu wa ofisi za wakimbizi, walimwambia mama pole. Yeye hakusema pole. Aliuliza kwa upole, kama alivyokuwa akiniuliza habari za shule.

"Na kweli alikuwa?"

Mama alifungua mdomo ajibu kwa Kiswidi, kikakataa. Akaangalia chini. Alipopata sauti ilikuwa ya kwao, ya Uvira, ndogo sana.

"Alikuwa anaenda mikutano ya wale walishika muji," alisema. "Alikuwa anarudia na unga ya muhogo. Siyue. Mpaka leo, siyue."

Mzee hakuelewa hata neno, hata kwamba mama anasema hajui. Kwenye korido ile aliyeelewa nilikuwa mimi peke yangu. Akanigeukia.

"Anasema nini?"

Nilikuwa nimemtafsiria mama kwa madaktari na kwa walimu, na kwa maafisa walioshika makaratasi yetu, na sikuwahi kubadilisha kitu. Haukati, hauongezi. Nikamtazama Mheshimiwa machoni.

"Anasema hapana," nikamwambia. "Anasema hakuwa."

Alinitazama kwa muda, na sidhani aliniamini. Mama yangu alikuwa na Kiswidi cha kutosha kwa maneno hayo. Alinisikia vizuri. Aliinama, akavua viatu vyake, akaniambia na mimi nivue.